Kalamu Ndani ya Droo: Maisha ya Noeline Frances Aitken

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na marafiki mliofika leo, Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, katika ukumbi huu wa wachimbaji hapa Runanga, familia inawashukuru kwa kuja na mvua yote hii, na inawaomba mketi msikilize maisha ya mpendwa wetu, Noeline Frances Aitken, kama yalivyoandikwa na mumewe, Russell, na kama ninavyoyasoma mimi, Colleen, mdogo wake wa mwisho, kwa kuwa Russell amesema kuandika aliweza lakini kusoma hataweza. Russell alifanya kazi ya kupima kina cha mito kwa miaka thelathini na minne, na ameniagiza niwaambie kwamba ameandika yale tu aliyoyaona, aliyoyasikia, au aliyoruhusiwa kuyasema, na kwamba pale asipojua hakujaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika hospitali ya Greymouth, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Leo Hanrahan, mchimbaji wa makaa ya mawe, na marehemu Eileen Hanrahan, mama wa nyumbani na mpiga kinanda wa kanisa. Mwaka 1962, mtoto wa saba alipotimiza miezi mitano, mama yao alimwendea daktari kumweleza kwamba amechoka, daktari akamwambia, "Eileen, kazungumze na Leo," Leo akamwambia azungumze na padre, na padre akamwambia asali. Noeline, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na ndiye aliyembebea mama yake kikapu katika safari hizo zote, alikuwa akisimulia baadaye kwamba alihesabu wanaume watatu, na hakumsikia hata mmoja akimuuliza mama yake anataka nini. (Mimi msomaji ndiye huyo wa saba, na sina kinyongo.)

Alisoma shule ya masista hapa Runanga kuanzia mwaka 1956 hadi 1964, kisha sekondari huko Greymouth hadi mwisho wa mwaka 1968. Ripoti yake ya darasa la mwisho kwa masista ingali ipo, imekunjwa mara nne, na katika nafasi ya tabia sista mwalimu wake ameandika mstari mmoja tu, "Noeline husaidia hata asipoombwa." Mama yake aliibandika ripoti hiyo juu ya jiko kwa kujivunia, na Noeline naye aliichukua kuwa ni sifa, akaishi nayo kama sifa mpaka alipofika umri wa miaka arobaini na miwili, na sababu ya kubadili mawazo itasomwa mahali pake.

Mwezi Februari 1969 alikwenda Christchurch kusomea unesi, akahitimu mwezi Februari 1972, na kuanzia hapo alifanya kazi katika wodi ya upasuaji ya Greymouth kwa miaka kumi na mmoja. Ni katika wodi hiyo, tarehe 19 Septemba 1974, ndipo alipoletewa kijana aliyevunjika mguu kwa kuteleza ndani ya mto, akamuuliza, huku akimkata suruali kwa mkasi, "Ulikuwa unafanya nini humo majini?" Kijana akajibu kwamba alikuwa anapima kina. "Ukakipata?" Kijana hakujibu, kwa maumivu, na pia kwa sababu hakuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo kuhusu kazi yake. Walifunga ndoa Greymouth tarehe 14 Februari 1976, siku ambayo ule upepo wetu baridi wa asubuhi, tunaouita Kinyozi, ulivuma hata katikati ya kiangazi na kumvua bibi harusi shela mbele ya mlango wa kanisa, naye akaifukuza mwenyewe barabarani akiwa na viatu mkononi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bridget, aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1978, na Callum, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1981, na baadaye wajukuu watatu, ambao wote wako hapa.

Mwaka 1983 familia ilihamia Christchurch kwa ajili ya kazi ya Russell, na tarehe 3 Machi 1986 Noeline alianza kazi katika kliniki ambayo wenzake waliokuja leo wameomba isitajwe jina, si kwa aibu, bali kwa mazoea, kwa sababu kwa miaka mingi waliwaambia majirani zao kwamba wanafanya kazi "mjini" na kuishia hapo. Kliniki hiyo iliwapokea wanawake waliotaka kutoa mimba, wengi wao wakitoka upande wetu huu wa milima kwa basi au kwa treni, na sheria ya wakati ule ilitaka madaktari wawili wamsikilize kila mwanamke na kukubali kwa maandishi kabla hajahudumiwa. Baada ya madaktari hao wawili ndipo alipofika kwa Noeline, katika chumba kidogo chenye meza, viti viwili na kabati, na kazi ya Noeline ilikuwa kuzungumza naye kwa dakika ishirini juu ya uzazi wa mpango, ili asijikute tena katika hali ile ile.

Aliipenda kazi hiyo, na aliifanya bila kuificha kwa ndugu. Mama yake mdogo, marehemu Kathleen, alikuwa miongoni mwa waliosimama nje ya kliniki kila Ijumaa na rozari zao, na Ijumaa zote hizo Noeline alipofika kazini alisimama kwanza mbele yake.

"Koti hilo linatosha, mama mdogo? Leo baridi."

"Linatosha. Wewe umekula?"

"Nimekula."

"Basi nenda, nami nitakuombea."

"Omba na mvua ikatike, mama mdogo, msije mkaugua wote nikapata kazi ya pili."

Marehemu Kathleen hakuwahi kuacha kusali, wala Noeline hakuwahi kuacha kufika kazini, na Krismasi zote walikaa meza moja. Kanisani pia Noeline aliendelea kwenda, ila tangu alipoanza kazi hiyo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na alipoulizwa alisema ni kwa ajili ya hewa.

Wenzake wamemsaidia Russell kuandika sehemu hii, kwa sababu nyumbani hakuzungumza juu ya wagonjwa. Wanasema wako wanawake waliofika na swali lao tayari, kama yule mama wa watoto watano kutoka Reefton aliyeketi na kusema, "Nesi, nipe yote uliyonayo humo kabatini, na kama una kufuli nipe na kufuli," na siku hizo kazi ilikuwa nyepesi. Wako waliolia dakika zote ishirini, na nesi akawa na aibu ya kutaja vidonge mbele ya machozi. Wako waliokuja na mume aliyejibu kila swali kwa niaba yao, na wako waliorudi mara ya pili na ya tatu, na hao ndio waliowaumiza manesi kuliko wote, kwa sababu kila nesi alijiuliza mara iliyopita alisema nini, au aliacha kusema nini. Katika fomu ya kliniki kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Njia aliyoondoka nayo," na kilipaswa kujazwa kabla mwanamke hajatoka, vidonge, sindano au kitanzi, na Jumatatu asubuhi mkuu wa kliniki, Daktari Ngaire Penrose, alizipitia fomu za wiki nzima na kuuliza juu ya kila kisanduku kilichobaki kitupu. Aliuliza kwa upole na kwa nia njema. Fomu za Noeline hazikuwa na kisanduku kitupu hata kimoja kwa miaka minane, na alijulikana kwa hilo, na alijivunia.

Linalofuata linasomwa kwa ruhusa ya Bi Raewyn Pascoe wa Whataroa, ambaye yuko nasi katika safu ya tatu, na ambaye alimwambia Russell wiki iliyopita, "Lisome, tena litaje na jina, mimi nina miaka hamsini na miwili na sina wa kumwogopa isipokuwa madume ya ng'ombe."

Tarehe 20 Januari 1994 Raewyn, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto mmoja mdogo, alisafiri kwa basi tangu alfajiri, akasikilizwa na daktari wa kwanza, akasikilizwa na wa pili, kisha akaingia katika chumba cha Noeline na kuulizwa, baada ya hayo yote, atatumia nini. Alisema hajui, angependa kwenda kufikiri nyumbani. Noeline, akiwa na kalamu mkononi na fomu mbele yake, alimweleza juu ya kitanzi, kwamba kitawekwa akiwa bado amelala, kwamba ni dakika mbili, kwamba kutoka Whataroa mpaka kwa daktari ni mbali na bora amalize yote siku moja, na kila alilosema lilikuwa kweli. Raewyn akasema, "Sawa." Noeline akaandika.

Tarehe 22 Machi mwaka huo huo, Jumanne, baada ya saa ya chakula cha mchana, simu ya kliniki ililia na Noeline akaipokea. Mwanamke alisema yuko upande wa magharibi wa milima, aliwekewa kitanzi mwezi wa kwanza, anaumwa tumbo na damu haikatiki vizuri, na daktari anayepita kwao kila baada ya wiki mbili amemwambia avumilie. Noeline akamwambia ampe mwili nafasi, miezi mitatu minne, mara nyingi hutulia. Yule mwanamke akasema maneno ambayo Noeline aliyakumbuka neno kwa neno hadi mwisho wa maisha yake.

"Nesi, mimi sikukitaka. Nilisema sawa kwa sababu ulikuwa umeshika kalamu. Wale wawili kabla yako walikuwa na kalamu pia. Nilidhani nikikujibu vibaya mtanirudisha nyumbani na mimba yangu."

Noeline alinyamaza, kisha akamuuliza jina lake. "Jina sisemi, huku kwetu hata mbwa wana masikio," alisema mwanamke, na nyuma yake mtoto akaanza kulia, na simu ikakatwa.

Kila anayeijua kliniki ile anajua kilichokuwa kizito hapo. Noeline alikwenda kwenye kabati la faili siku hiyo hiyo, akatafuta wanawake wa upande wetu waliowekewa kitanzi mwezi Januari, akakuta kumi na mmoja, wote wametiwa alama na mkono wake mwenyewe. Lakini kliniki ilikuwa na kanuni moja iliyokuwa juu ya kanuni zote, kwamba mwanamke hatumiwi barua nyumbani wala hapigiwi simu, kwa sababu huwezi kujua ni nani anayefungua barua na ni nani anayepokea simu, na Noeline ndiye aliyekuwa akiwafundisha manesi wapya kanuni hiyo, kwa kidole kilichoinuliwa. Hakuivunja. Alirudisha faili zote kumi na moja mahali pake, akabaki na majina kumi na moja kichwani, bila kujua ni yupi aliyepiga simu, bila kujua kama alipata wa kukitoa, na bila kujua kama wale wengine kumi walisema sawa kwa namna ile ile. Hapo ndipo ule mstari wa sista, wa kusaidia hata asipoombwa, ulipoacha kuwa sifa kwake. Hakumwambia mumewe. Russell aliona jambo moja tu, kwamba tangu majira hayo mkewe hakuwa tena na kalamu katika mfuko wa gauni lake la kazi, naye akadhani anazipoteza, akamnunulia kalamu nzuri kila Krismasi, na kila Krismasi alishukuriwa kwa busu. Baada ya kustaafu kwake zilipatikana ishirini na moja katika droo ya jikoni, hazijafunguliwa.

Siku iliyofuata ile simu, kabla mwanamke wa kwanza hajaingia, Noeline aliitia kalamu yake ndani ya droo ya meza, akaifunga, na mwanamke alipoketi alimwambia kwanza, "Utahudumiwa leo, chochote utakachonijibu." Kisha alinyamaza mpaka aone mabega yameshuka. Ndipo alipouliza, "Ungependa tuzungumze juu ya uzazi wa mpango, au hapana?" Aliporudi Jumatatu kwenye mkutano alikuwa na visanduku vitano vitupu, na wenzake waliokuwapo wanayakumbuka maneno yaliyopita.

"Noeline, unaumwa?" aliuliza Daktari Penrose.

"Siumwi, daktari. Nimewauliza, watano wamesema leo hawataki."

"Sasa unataka tuwaachie waondoke mikono mitupu?"

"Nataka waondoke na jibu lao, hata likiwa ni hapana."

"Na wakirudi baada ya miezi sita? Utasema nini?"

"Nitasema karibu. Mlango si ndio kazi yetu?"

Nesi mmoja aliyeketi pembeni akasema, "Basi tuandike, njia aliyoondoka nayo, basi la saa tisa," na watu wakacheka, na Daktari Penrose hakucheka. Alisema kwamba yeye amewaona wanawake kabla ya siku za kliniki, waliojitoa mimba kwa siri na kufika hospitali wamechelewa, na kwamba kila kisanduku kilichojazwa kwake ni mwanamke mmoja asiyerudi katika hofu ile, na Noeline akamjibu kwamba anajua, na kwamba ndiyo maana yeye mwenyewe alizijaza miaka minane. Ndipo akawasimulia ile simu. Mjadala uliendelea kwa Jumatatu nyingi, na mwezi Agosti 1995 fomu ilichapwa upya ikiwa na mstari mmoja zaidi, "Hakutaka kuzungumza leo, aambiwe anaweza kurudi wakati wowote," na Daktari Penrose ndiye aliyeuandika mstari huo kwa mkono wake. Daktari amefika leo, ana miaka themanini na minane, na amemwomba Russell aongeze kwamba alipitia fomu za miaka iliyofuata moja moja, akitafuta ushahidi kwamba Noeline amekosea, na aliacha kutafuta mwaka 1999, kwa sababu wanawake walioachwa waondoke na hapana walirudi wenyewe, wengi wao, wakiwa na maswali.

Marehemu aliwafundisha manesi wapya maneno yake yale, pamoja na kisa cha simu, bila kujisafisha. Tarehe 22 Februari 2011, tetemeko lilipoupiga mji, alikuwa katikati ya mazungumzo, akamvuta mwanamke wa watu chini ya meza, wakakaa humo wameshikana mikono, na kishindo kilipokwisha, vumbi likiwa bado linaanguka, alimuuliza, "Tulikuwa tumefikia wapi?" Alistaafu tarehe 30 Juni 2015, wakarudi kuishi Greymouth, na mwezi Machi 2020, taifa lote likikaribia kufungiwa majumbani, walisikia redioni kwamba ile sheria ya madaktari wawili imeondolewa. Noeline alizima redio, akaketi, akasema, "Basi mama yangu angeulizwa yeye wa kwanza," kisha akaenda kuanika nguo, ingawa mvua ilikuwa inanyesha, na Russell akamwacha aanike.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuumwa mgongo na kukosa hamu ya kula, na tarehe 6 Septemba madaktari walithibitisha kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha kusambaa. Alilipokea kama nesi, akauliza miezi mingapi, akaambiwa sita hadi tisa, akasema inatosha. Ni katika wiki hizo ndipo alipomwambia mumewe, kwa mara ya kwanza, juu ya majina kumi na moja, bila kuyataja majina yenyewe, akasema kwamba haogopi kufa, lakini hangependa kuondoka hajui kama kile kitanzi kilitolewa. Russell, ambaye maisha yake yote alipotaka kujua jambo alikwenda kulipima, hakuwa na mto wa kuingia.

Sasa binti mdogo wa Raewyn Pascoe alikuwa anasomea unesi Christchurch mwaka huo, na katika mafunzo yake alipelekwa kliniki ile kwa wiki mbili, akafundishwa na nesi aliyefundishwa na Noeline, akaambiwa atie kalamu ndani ya droo, na akaambiwa kwa nini. Aliporudi Whataroa mwezi Oktoba alimsimulia mama yake kisa hicho wakiwa wanaosha vyombo, kwamba zamani mwanamke mmoja wa upande wa magharibi alipiga simu na kusema hivi na hivi, na kwa ajili yake kliniki nzima ilibadilika. Mama yake akaiweka sahani chini. "Mwanangu," alisema, "huyo mwanamke umemwona. Anakuoshea sahani."

Tarehe 12 Novemba 2022, Jumamosi, saa nne asubuhi, Raewyn alibisha mlango wa nyumba yetu ya Greymouth (Russell ameandika "yetu," nami nasoma alivyoandika), akiwa amevaa mabuti ya mpira, na mkononi mfuko wa wale samaki wadogo weupe wa mtoni, waliogandishwa. Russell alimkaribisha, akamwonyesha Noeline alipoketi karibu na dirisha, naye alitaka kuwapisha, lakini Raewyn akamwambia akae tu.

"Wewe ndiye Noeline?"

"Ndimi."

"Nilikukumbuka u mrefu zaidi. Mimi ndiye niliyekukatia simu mwaka tisini na nne."

Noeline hakusema samahani, hakusema karibu. Alishika mikono ya kiti na kuuliza, "Kilitolewa?"

"Kilitolewa wiki iliyofuata."

"Na nani?"

"Daktari mmoja wa kike, alikuwa anamshikia mwenzake zamu pale Hokitika. Dakika moja. Alikuwa anapiga mluzi."

"Damu ilikatika?"

"Ilikatika."

"Watoto je?"

"Nilipata wengine wawili, nilipowataka. Wa mwisho ndiye aliyekuchongea."

Noeline alifumba macho, na Russell anasema alimwona mkewe akivuta pumzi kama mtu aliyeutua mtungi. Kisha akauliza, "Ulinikasirikia?"

"Nilikukasirikia vibaya sana, mama. Mpaka Pasaka."

"Pasaka ya mwaka gani?"

"Mwaka ule ule. Siku tano baada ya kukitoa."

"Mpaka Pasaka tu?"

"Nilikuwa na ng'ombe mia mbili wa kukamua. Hasira nayo inataka nafasi yake."

Noeline alianza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo mahali pale palipokuwa panamuuma, na machozi yakamtoka. "Miaka ishirini na minane! Ungenitumia hata kadi ya posta, mwanamke wewe!"

"Ningekutumiaje? Si ninyi mliotuambia hakuna kuandikiana?"

Walikaanga wale samaki na mayai, wakawala kwa mkate, na Noeline, ambaye hakuwa amekula kitu cha maana kwa wiki mbili, alikula vipande viwili. Wakati wa kuondoka alimuuliza mgeni wake, kwa sauti ya chini, "Na wale wengine kumi?" Raewyn aliokota mabuti yake. "Wale si wangu kuwasemea," alisema, "na wala si wako. Ulikosea kwangu, nikakwambia, ukanisikia. Nilijua umenisikia, kwa sababu ulinyamaza. Wengine hawanyamazi." Akamkumbatia, akavaa mabuti yake, akaenda. Noeline alikaa na maneno hayo siku nzima, na jioni alimwomba Russell ampe kalamu moja kutoka ile droo ya jikoni, akaandika juu ya bahasha jina moja kati ya yale kumi na moja, la Raewyn, kisha akalifuta kwa mstari, akalala usingizi ambao mumewe hakuwa ameuona kwa miaka mingi na alikuwa amesahau kwamba haupo.

Kuanzia mwezi Machi mwaka huu hali yake ilidhoofika, akahudumiwa nyumbani, na Raewyn alikuja mara nne zaidi, kila mara na kitu cha kula na matusi mapya juu ya hali ya barabara. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa nane mchana, nyumbani, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya hewa, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili na siku ishirini na tano, Bridget na Callum wakiwa wamemshika mikono na mumewe akiwa ameshika miguu, ambayo ilikuwa baridi daima. Hakuwa na maumivu. Hakuwa na swali lililobaki, isipokuwa yale kumi, ambayo alikubali kwamba si yake.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Greymouth, hususan manesi wa huduma za nyumbani waliokuja hata siku ambayo barabara ilifurika, na majirani wa mtaa mzima kwa kuni, supu na kukata nyasi bila kuombwa, jambo ambalo yeye mwenyewe angewauliza kwanza kama linatakiwa, kisha angelipokea. Inawashukuru wenzake wa kliniki, na Daktari Penrose aliyesafiri kwa treni kuvuka milima, na wote waliosali Ijumaa zote zile upande wa pili wa barabara, kwa kuwa marehemu aliwahesabu kuwa watu wake. Inamshukuru Bi Raewyn Pascoe, kwa kupiga simu, na kwa kuja. Droo ya jikoni iko wazi pale mezani karibu na chai, na Russell anaomba kila nesi aliye hapa achukue kalamu moja, na ajue mahali pa kuiweka.

Noeline, mumeo ameandika kwamba hajui kuna nini huko ulikokwenda, na kwa hiyo hakujaza. Lakini kama kuna meza, na mtu ameketi nyuma yake, sisi tunaamini kwamba alipokuona unaingia aliitia kalamu yake ndani ya droo, akaifunga, na kukuambia kwanza kwamba umepokelewa, chochote utakachomjibu. Shusha mabega, mpendwa wetu. Pumzika.